Nyutrofili chache: ugonjwa au maumbile ya damu?

Karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu hutoka kwenye mashine ikiwa na safu ya tarakimu, na kando ya nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, 1,200 kwa mikrolita huchapwa herufi L, alama ya upungufu. Mwenye damu hiyo hana homa wala kidonda, na asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Hata hivyo huambiwa arudi kupima tena, na tena.

Wengi wanaijua antijeni ya Duffy, protini iliyo juu ya chembe nyekundu za damu, kwa habari ya malaria. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba wasio nayo kwenye chembe nyekundu hawapati malaria ya vivax, kwa kuwa kimelea hukosa pa kuingilia. Baadaye wachache wasio nayo walikutwa na vivax huko Madagaska na Ethiopia, hivyo kinga hiyo ina mianya. Kisichosemwa sana ni kwamba mabadiliko ya kijeni yanayoiondoa antijeni hiyo, mtu anapoyarithi kwa baba na kwa mama, hupunguza nyutrofili katika damu inayozunguka. Utafiti wa 2017 ulieleza sababu: uboho wa watu hawa hutengeneza nyutrofili zinazotoka upesi kwenye mishipa na kuingia katika tishu. Sindano ya maabara huchota damu ya mshipani tu, nazo zilizokwisha kuingia kazini hazihesabiwi.

Gharama ya kutojua hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Majaribio mengi ya dawa za saratani huweka nyutrofili 1,500 kuwa sharti la kupokelewa, na mgonjwa mwenye 1,300 za kuzaliwa nazo hubaki nje, au dozi yake huahirishwa na kupunguzwa huku uvimbe ukiendelea kukua. Kwa klozapini, dawa ya skizofrenia iliyoshindikana kwa dawa nyingine, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali mwaka 2015 kwamba wenye upungufu huu usio na madhara waanzishwe wakiwa na 1,000 badala ya 1,500. Tofauti ni 500 tu, lakini kwa familia iliyokwisha kujaribu kila kidonge ni tofauti ya kupata dawa na kuikosa.

Wanaosita kuuita upungufu huu maumbile wana hoja. Virusi vya Ukimwi na baadhi ya dawa pia hupunguza nyutrofili, na daktari aliyezoea kusema “ni maumbile” anaweza kuupita ugonjwa wa kweli. Utafiti wa 2008 uliowahusu wanajeshi wa Marekani ulidai kwamba wasio na Duffy huambukizwa virusi hivyo kwa urahisi zaidi, ingawa watafiti wengine waliupinga mapema. Na kwa kuwa wengi wasio na Duffy ni wenye asili ya Afrika, wapo pia wanaohofia kurudisha rangi ya ngozi maabara, baada ya wataalamu wa figo wa Marekani kuiondoa mwaka 2021 katika kanuni yao ya kukadiria utendaji wa figo.

Hofu hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, inaunga mkono kupima Duffy yenyewe. Mombasa na Unguja, ambako damu za Afrika, Uarabuni na Bara Hindi zimechanganyika kwa karne nyingi, uso wa mtu hauelezi chembe zake. Kwingineko katika Afrika Mashariki, ambako wengi mno hawana antijeni hiyo, hata kipimo hicho si lazima kitangulie. Cha kwanza ni kubadili kiwango kilichowekwa kwenye mashine. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia ulikwisha kuonyesha kuwa watu wazima wenye afya huku wanaweza kuwa na nyutrofili chini ya mipaka ya Kimarekani.

Chini ya 500 pamoja na homa inabaki kuwa dharura kwa kila mtu. Juu ya hapo, majibu ya zamani ya mgonjwa mwenyewe yana uzito kuliko herufi L: aliyekuwa na 1,200 kwa miaka mitano hana jipya, na aliyekuwa na 4,000 mwezi jana ndiye wa kuitwa leo.