Kabla Hujailaumu Sensa ya Gari, Hesabu Meno

Juzi usiku rafiki yangu alinirekodia sauti ya injini ya gari lake kwenye simu. Sekunde 15 tu, lakini zilitosha: stata inavuta, injini inawaka kwa taabu, inatetemeka kama mtu mwenye homa, inakohoa mara mbili kupitia njia ya hewa, kisha kimya. Chini yake kaandika: "Kaka, nimeshabadilisha sensa zote mbili, koili na plagi. Ninunue nini tena?"

Ninunue nini tena! Hicho ndicho kilichonikera. Sensa ni vile vihisio vinavyoipa kompyuta ya gari habari za injini.

Wiki moja kabla, gari hilo lilikuwa linatembea. Lilikuwa na mlio, sawa, maana nundu moja ya kemshafti ya upande wa hewa, ile shafti ya juu inayofungua valvu, ilikuwa imelika, lakini asubuhi liliwaka na likafika lilikokwenda. Mwenyewe akaamua kubadilisha kemshafti kwa mikono yake, jambo ninaloliheshimu kabisa. Alipofunga boli ya mwisho, gari likagoma. Sasa niambieni: kati ya sensa iliyokaa miaka bila kuguswa na mikono iliyofumua injini juzi, nani ahojiwe kwanza?

Atajitetea kwamba mashine ya kupima ilisoma namba ya hitilafu P0016. Haya. Na P0016 inasema nini? Inasema krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na kemshafti hazipatani. Basi. Haikusema sensa imekufa. Shahidi kaja kukueleza kuwa majirani wanagombana, wewe ukamtandika shahidi viboko, ukaleta shahidi mpya, naye akasema yaleyale. Ukamtandika na huyo.

Nilikwenda kwake siku iliyofuata. Tukatoa plagi zote ili injini isitubishie, tukafungua mfuniko wa juu na ule wa mbele, nikaweka spana kwenye boli ya krenki nikaanza kuzungusha taratibu, upande ule ule injini inaozungukia. Mzunguko mmoja. Mzunguko wa pili. Alama ya krenki ikatua mahali pake. Alama ya kemshafti ya kutolea moshi, sawa. Ya upande wa hewa imebaki nyuma, jino moja kamili la gia yake. Rafiki yangu akainama na tochi, akatazama muda mrefu, akasema, "Lakini nilipofunga zilikuwa sawa!"

Namwamini. Zilikuwa sawa, na hapo ndipo wengi wetu tunapoliwa. Unapovalisha cheni, ile inayotoka krenki kwenda kuzungusha gia za kemshafti, ulegevu wake wote lazima ubaki upande wa kikazio, yaani ule mkono unaoisukuma cheni. Upande wa pili, unaovutwa na krenki, pamoja na kile kipande kati ya gia mbili za juu, lazima viwe vimekaza kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi. Ukiacha ulegevu kidogo mahali pasipofaa, alama zitakutazama kwa adabu zote. Ukipiga stata tu, krenki inaumeza ule ulegevu kwanza ndipo kemshafti ianze kusogea. Imeshachelewa. Na jino moja si jambo dogo: kwenye gia ya juu yenye meno 40, jino moja ni digrii 9 za kemshafti, na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kila kemshafti inapozunguka mara moja, hizo ni digrii 18 za krenki. Valvu ya hewa inachelewa kufunga, pistoni inapanda huku inarudisha hewa ilikotoka, mgandamizo unashuka, gari linakohoa. Hakuna sensa duniani itakayotibu hilo.

Kwa hiyo mizunguko miwili ya mkono kabla ya kugusa ufunguo si mbwembwe za mafundi wazee. Ni dakika tano. Katika dakika hizo ulegevu unajitokeza, na kama valvu inagonga pistoni, utasikia ugumu mkononi, usimame, urudi nyuma. Mkono utasimama. Stata haisimami, yenyewe itapinda valvu na kuendelea kana kwamba haikuona kitu. Rafiki yangu kaponea jino moja. Angekosea matatu, pengine leo tungekuwa tunazungumzia kichwa cha injini kizima.

(Msihangaike na vile vipingili vya cheni vilivyopakwa rangi. Baada ya mizunguko hiyo miwili havitarudi kukutana na alama, na si kosa. Tazama alama za kwenye gia.)

Nisijifanye malaika. Miaka ya nyuma, kwenye injini ya zamani yenye distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi cheche, nilihangaika nusu siku na gari lililokuwa linapiga mlipuko kupitia kabureta. Nilibadilisha waya, nikasafisha kabureta, nikamtukana aliyeniuzia mafuta. Kumbe pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi, mara moja inapogandamiza na mara moja inapotoa moshi, nami nilikuwa nimepanga cheche kwa ile ya moshi. Tofauti ya nusu duara ya distribyuta. Nusu siku!

Mengine ni ya kupita tu. Mpira wa vakyumu uliosahaulika kurudishwa utakuharibia sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, vizuri sana. Waya wa athi pia. Vifuniko vya beringi za kemshafti vina namba na mishale, kila kimoja kinarudi kwake, na boli hukazwa kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Kama una geji ya mgandamizo, itumie kabla ya pochi: silinda zote zikiwa chini kwa pamoja, rudi kwenye taimingi, yaani zile alama na cheni; moja ikiwa chini peke yake, tafuta valvu iliyopinda au tapeti (kile kinachosukuma valvu) iliyokaza mno.

Haya, nakubali, shingo upande: mara nyingine kifaa kipya chenyewe ndicho kibovu. Pini ya kukalishia gia inaweza kuwa mahali tofauti, au ile pete inayosomwa na sensa haifanani. Lakini hilo unaligundua kwa kulaza kemshafti mpya na ya zamani sambamba mezani kabla ya kufunga. Yeye ya zamani alikuwa ameshaitupa.

Tulirudisha kikazio ndani, tukasogeza cheni jino moja, tukazungusha tena mara mbili, na tena mara mbili kwa sababu hakuniamini. Ikawaka kwa kugusa tu. Sensa zake mbili za zamani zilikuwa zimelala sakafuni kwenye kopo la grisi, nzima kabisa. Nilimwambia azifute, azirudishe, apeleke zile mpya alikozinunua kama watazipokea. Alikuwa bado anaifuta ya kwanza nilipoondoka, hanitazami usoni.