Utupa kwa kupe: jani halina lebo

Utupa, kichaka ambacho majani yake wafugaji wengine huyatumia kuua kupe wa ng'ombe, ulijulikana kwa kuua samaki. Majani hutwangwa, hutiwa mtoni, na baada ya muda samaki wanaelea tumbo juu. Kinachowaua ni rotenoni, sumu iliyomo kwenye majani, na ndiyo hiyo hiyo inayomdhuru kupe. Sasa mtu akikuambia "ni ya asili, haina madhara", muulize samaki.

Ila wanaoukimbilia nawaelewa. Josho la kijiji la kuogeshea mifugo likiwa kavu, mfugaji hununua chupa ndogo ya dawa ya kupe dukani na kuizimua kupita maelekezo ili itoshe zizi zima. Kupe wanaosalimika ndio wanaozaa, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Ndivyo usugu unavyojengeka. Huko Uganda kuna maeneo ambako dawa za makundi zaidi ya moja hazifui dafu. Mtu akiishia kwenye kinu, simlaumu.

Lakini jani halina lebo. Kichaka cha kwako na cha jirani havilingani nguvu. Unatwanga, unaloweka usiku kucha, unachuja kwa kitambaa (chuja vibaya uone bomba la kunyunyizia linavyoziba kwa kila ng'ombe), unatia sabuni kidogo ili dawa ishike manyoya. Kazi yote hiyo, kisha jua linaiua rotenoni ndani ya siku chache. Mwarobaini nao ni wa polepole: unamvuruga kupe asikue wala kutaga vizuri, haumwangushi papo hapo. Aliyezoea kuona kupe wakidondoka atasema ni maji matupu, na hapo atakuwa anauonea.

Hata hivyo, penye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, udhaifu huo ni hatari. Kupe wa masikioni, anayeueneza, akishang'ata hukaa siku kadhaa ndipo aambukize, kwa hiyo dawa iliyoisha nguvu mapema inampa nafasi anayoitaka. Ng'ombe wa asili aliyekulia kwenye kupe ana ustahimilivu fulani. Mtamba wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kigeni, hana, na anaweza kufa ndani ya wiki chache. Huyo mimi simjaribii majani: namchanja ndigana kali, chanjo ya mara moja tu, na namwogesha kwa kipimo cha kwenye chupa, kwa sababu chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi na ule wa kukojoa damu.

Utupa ningeubakiza kwa ng'ombe wa asili, kupaka masikioni na chini ya mkia kati ya siku za josho. Maji yanayobaki yamwagwe mbali na bwawa.