Wakorea, somaek na ile hesabu ya toti 13.7

Ukianza tu kuzungumzia unywaji wa Korea Kusini, haichukui dakika mbili kabla mtu hajaitoa ile namba: toti 13.7 kwa wiki. Ilisambaa mwaka 2014 kutoka takwimu za Euromonitor, kampuni ya utafiti wa masoko. Kwa wastani Mkorea mtu mzima alikuwa akinywa toti 13.7 za pombe kali kila wiki. Mrusi, ambaye dunia nzima ilishamkabidhi kombe la ulevi zamani, aliishia 6.3. Mmarekani 3.3. Tangu hapo kila makala kuhusu somaek, ule mchanganyiko wa bia na soju, pombe kali ya Kikorea, unaotawala meza za Seoul, huanza na namba hiyo na kumalizia kwa kusikitika.

Namba yenyewe sina ugomvi nayo. Shida ni kipimo. Toti za Mkorea karibu zote ni soju, na soju ya chupa ya kijani, ile ambayo watazamaji wa tamthilia za Kikorea wanaijua kwa sura hata kama hawajawahi kuionja, wakati huo ilikuwa na kilevi cha asilimia 18 hivi. Vodka ya Mrusi ina 40. Chukua toti ya mililita 50: ya soju ina mililita 9 za alkoholi tupu, ya vodka ina 20. Zidisha. Mkorea anapata mililita 123 kwa wiki, Mrusi 126. Lile pengo la zaidi ya mara mbili limeyeyuka, na Mrusi amebaki mbele kwa tone.

Aliyetaka picha nzima, bia na mvinyo vikiwemo, angeweza kufungua takwimu za Shirika la Afya Duniani. Kwa mwaka 2016 zinaonyesha lita 10.2 za alkoholi tupu kwa kila Mkorea Kusini mwenye umri wa miaka 15 na zaidi. Urusi ni 11.7, Ufaransa 12.6, Ujerumani 13.4. Lakini Mjerumani akinywa, hayo tunayaita maonyesho ya bia na watalii wanapanda ndege kwenda kuyaona.

Hiyo haina maana kwamba Korea hakuna tatizo. Lipo, na nitalifikia. Ila ukianza na hesabu mbovu utaishia kumlaumu asiyehusika, na ndicho kilichoipata somaek.

Mchanganyiko wenyewe ni mwepesi. Kanuni inayotajwa sana ni sehemu tatu za soju kwa saba za bia, na zipo hata glasi zilizochorwa mistari ya kipimo. Mchanganyaji hutumbukiza kijiko kikasimama wima hadi chini ya glasi, kisha anakigonga kwa kijiko kingine. Povu linapanda kwa mpigo mmoja, meza inashangilia, glasi zinagawiwa. Watu wana majina ya utani kwa kila ndoa ya chapa mbili: bia ya Terra, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ikikutana na soju ya Chamisul, kinachozaliwa kinaitwa Tesla. Wapenda bia wa kweli hukunja uso, lakini bia za kawaida za Korea ni nyepesi mno. Mwaka 2012 Daniel Tudor, Mwingereza aliyekuwa akiripoti kutoka Seoul, aliandika katika The Economist kwamba bia ya Kusini inashindwa na Taedonggang ya Korea Kaskazini. Wenye viwanda hawakufurahi, ila wanywaji walishapata dawa yao kitambo: ongeza soju.

Kwa nguvu za leo, soju ya asilimia 16 na bia ya 4.5, kinachotoka ni kinywaji cha asilimia 8 hivi. Hapa mpinzani ana hoja, na ni nzuri. Somaek inateremka kooni kama bia huku ikibeba karibu mara mbili ya kilevi chake. Anayehesabu glasi anajidanganya. Pombe si chai, na hii imejifanya chai.

Lakini itazame ilikotoka. Kabla yake mfalme wa meza za wakubwa alikuwa poktanju wa wiski, yaani kiglasi cha wiski kinachozamishwa ndani ya glasi ya bia na kugidwa bila kupumua. Kilikuwa kinywaji cha maofisa wa jeshi, waendesha mashtaka na wanasiasa. Juni 1999 Jin Hyung-gu, mwendesha mashtaka wa ngazi ya juu, alitoka kwenye chakula cha mchana kilichoteremshiwa poktanju, akawaambia waandishi wa habari kwamba ofisi yake ndiyo iliyochochea mgomo katika shirika la serikali linalochapa noti. Siku iliyofuata waziri wa sheria hakuwa na kazi. Ukiweka wiski ya asilimia 40 upande mmoja na soju ya chupa ya kijani upande mwingine, somaek inaonekana ilivyo: toleo la mtu wa mshahara wa kawaida, rahisi kwa bei na laini kwa nguvu. Soju yenyewe imekuwa ikiteremka miaka yote hii. Ilikuwa asilimia 35 kampuni ya soju ya Jinro ilipoanza mwaka 1924, 25 mwaka 1973, chini ya 20 mwaka 2006, na sasa 16. Viwanda navyo vinapunguza kwa faida yao, maana kilevi kidogo ni gharama kidogo na chupa ya pili huagizwa upesi. Sijasema ni wema.

Kinachonifanya niitetee zaidi ni meza yenyewe. Mlo wa pamoja wa ofisi, wanaouita hoesik, huanza kwa nyama ya kuchoma, ukahamia baa, na mara nyingi ukaishia kwenye chumba cha karaoke. Mgeni akiuangalia anaona ngazi ya vyeo tu: mdogo anammiminia mkubwa kwa mikono miwili, na anapokunywa mbele yake anageuza uso pembeni. Ni kweli. Lakini kanuni hiyo hiyo inakataza mtu kujimiminia mwenyewe, kwa hiyo meza nzima inalazimika kuangaliana. Glasi ya mwenzako ikiwa tupu, ni jukumu lako. Na kwenye somaek anayechanganya mara nyingi ni kijana wa chini kabisa ofisini. Mchana haruhusiwi hata kumwita meneja kwa jina, anamwita kwa cheo. Usiku chupa zote mbili ziko mikononi mwake. Anaweza kumpa mwenye vidonda vya tumbo glasi iliyonusishwa tu soju, na bosi asijue.

Kisha kuna mazungumzo. Katika ofisi ambazo kumpinga mkubwa kikaoni ni utovu wa adabu, hoesik kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mahali pa kusema kwamba mradi ule hautakamilika kwa tarehe ile, au kwamba mgao wa zamu una upendeleo. Maneno ya usiku huo kesho yake yanasamehewa juu ya supu ya kuzimua, na ujumbe unakuwa umefika. Unaweza kusema ofisi ya namna hiyo ni mbovu. Nakubali. Ila aliyefunga mlango wa usiku bila kufungua wa mchana amemnyima mtu wa chini mlango pekee aliokuwa nao.

Sasa upande wa pili, ambao hauhitaji toti 13.7 kujitetea. Wakorea karibu 5,000 hufariki kila mwaka kwa sababu zinazotokana moja kwa moja na pombe, wengi wao kwa maradhi ya ini. Takriban theluthi moja ya watu wa Asia ya Mashariki wana kimeng'enya dhaifu cha kuvunjavunja sumu ambayo alkoholi huizalisha mwilini. Hao ndio unaowaona wakiwa wekundu usoni baada ya glasi moja, na wakiendelea kunywa hatari yao ya saratani ya umio inapanda. Kumwambia mtu huyo "kunywa, utazoea" ni kumwambia azoee sumu.

Ule msamaha wa maneno ya mlevi nao ukavuka mpaka. Mbakaji wa mtoto huko Ansan, katika kesi ya mwaka 2008, alipewa kifungo cha miaka 12 tu kwa kuwa mahakama ilikubali alikuwa amelewa. Nchi ilichafuka, na sheria ikabadilishwa. Mwaka 2019 kiwango cha kilevi kwenye damu ya dereva kikashushwa kutoka asilimia 0.05 hadi 0.03, baada ya askari kijana kugongwa na dereva mlevi huko Busan na kufariki.

Na ipo hukumu ya Mahakama Kuu ya Rufani ya Seoul, Mei 2007. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya michezo ya kompyuta aliamriwa na mkubwa wake anywe, jioni baada ya jioni, mpaka akaacha kazi. Mahakama ilisema kumlazimisha mtu wa chini kunywa ni kuvunja utu wake, ikamtoza mkubwa huyo won milioni 30. Mahakama haikuhangaika na aina ya pombe wala nguvu yake. Iliangalia nani alikuwa na uwezo wa kukataa.

Hapo ndipo nasimama na mimi. Kampeni zilizohesabu vinywaji hazikufika mbali. Ile maarufu ya 119, yaani sehemu moja, aina moja ya pombe, mwisho saa tatu usiku, ilibandikwa ukutani na watu wakacheka nayo. Zilizofanya kazi ni zile zilizogusa mamlaka ya bosi. Sheria ya kudhibiti takrima ya Septemba 2016 iliweka ukomo wa won 30,000 kwa mlo wa kumkirimu mtumishi wa umma. Wiki ya kazi isiyozidi saa 52 ilianza Julai 2018 kwa kampuni kubwa, na jioni zikarudi kwa wenyewe. Sheria ya unyanyasaji kazini ya Julai 2019 ilimpa mfanyakazi mahali pa kwenda kushtaki. Kisha korona ikafunga meza kwa miaka miwili, na ziliporudi zilirudi fupi, nyingine zikahamia mchana. Vijana wengi wameshaichoka soju, wanaagiza wiski na soda, au hawanywi kabisa. Wengine bado wanagonga kijiko kwenye glasi ya somaek, na marafiki waliowachagua wenyewe.

Ila sheria hiyo ya unyanyasaji kazini ina tundu. Haizibani sehemu za kazi zenye wafanyakazi chini ya watano. Fundi msaidizi katika karakana ya watu wanne bado anamiminiwa na mwenye karakana, ambaye ndiye pia anayelipa bili, anayepanga zamu na anayetoa mshahara. Akisema hapana, hana ofisi ya malalamiko ya kwenda kesho asubuhi. Wanaotaka kuendelea kuhesabu toti waende wakahesabie huko.