Watoto walitangulia, viwanda vikafuata

Nimesoma makala inayodai eti mbio za BMX, zile za baiskeli ndogo kwenye njia ya udongo yenye matuta na kona, zilianza pale viwanda vya Marekani vilipobuni baiskeli ndogo za mashindano. Mwandishi amegeuza mambo. Novemba 1970 huko Long Beach, California, Scot Breithaupt, mvulana wa miaka 13 tu, aliandaa mbio kwenye kiwanja kitupu, akawatoza wenzake senti 25 kila mmoja, na vikombe alivyowapa washindi vilikuwa vyake mwenyewe, alivyovipata kwenye mbio za pikipiki. Baiskeli zenyewe zilikuwa Schwinn Sting-Ray za kuchezea mtaani, zimevuliwa madigadi na kila kisichohitajika. Mimi nilifika mji huohuo 1978, baba akiwa masomoni, na za namna hiyo bado zilikuwepo kwenye mstari wa kuanzia mbio. Yangu ilikuwa ya mtumba, breki ya kurudisha pedali nyuma. Geti lilikuwa ubao uliosimamishwa mbele ya magurudumu. Mzee mmoja akiuachia, unasikia kishindo, halafu vumbi. Kazi yote ilikuwa kona ya kwanza: ukiingia wa nne, umekwisha, unakula mchanga wa wenzako mpaka mwisho. Siku moja uma wa gurudumu la mbele ulipinda kwenye tuta la pili, nikarudi nyumbani baiskeli begani (mama aliuliza habari za suruali tu). Ndiyo maana 2008 kule Beijing, nilipowaona waendeshaji wakishuka ule mlima wa kuanzia wa mita 8 kugombea dhahabu ya kwanza ya BMX kwenye Olimpiki, nilicheka peke yangu. Humu kuna mwingine aliyewahi kushindana enzi za geti la ubao?