Padova: usiishie kaburini kwa Antonio

Mkatoliki wa Afrika Mashariki haulizi Padova ni nini. Jina hilo analo tangu katekisimu, kwa matamshi ya Padua, maana karibu kila jimbo lina parokia, shule au kigango cha Mtakatifu Antonio wa Padua. Ndiyo maana vikundi vya mahujaji wetu vinavyokuja Italia vina ratiba zinazofanana: Roma, Assisi, na mfuko ukiruhusu, nusu siku Padova. Wanashuka kwenye basi, wanaweka kiganja kwenye jiwe la kaburi, wanapita kutazama ulimi wa mtakatifu uliohifadhiwa, wananunua rozari, wanarudi kwenye basi. Nasema wazi kwamba wanaacha nusu ya mji, tena nusu ambayo mtu wa kwetu angeielewa haraka kuliko mtalii mwingine yeyote.

Nusu hiyo ni ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Padova kilianza mwaka 1222, baada ya walimu na wanafunzi kadhaa kuhama chuo cha Bologna wakitafuta uhuru zaidi. Kwa hiyo Antonio alipokuwa akihubiri hapa, kabla ya kufariki mwaka 1231, wanafunzi walikwishakuwepo mjini. Galileo alifundisha hapa miaka 18, hadi 1610. Mwaka 1678 Elena Lucrezia Cornaro Piscopia alitunukiwa hapa udaktari wa falsafa, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuupata. Leo mji una wakazi laki mbili hivi, na chuo kina wanafunzi zaidi ya 60,000. Ukijumlisha hapo utaelewa kwa nini mila zinazotawala mitaani si za wazee.

Mila inayowashtua wageni wetu ni papiro.

Hapa mwanafunzi hutetea tasnifu yake, akatangazwa, kisha akatoka nje kukutana na marafiki wanaomsubiri. Wanamvika taji la majani mabichi ya laureli. Hadi hapo mama mzazi anafuta machozi ya furaha. Halafu suti inavuliwa. Mhitimu anavikwa gauni la bibi kizee, au mfuko wa taka, au anabaki na chupi, na anasimamishwa mbele ya bango kubwa, mara nyingi mitaa ya karibu na Palazzo Bo, jengo kongwe la chuo. Bango hilo ndilo papiro. Lina katuni yake iliyochorwa bila huruma, na pembeni yake mashairi marefu ya vina yanayosimulia maisha yake tangu kuzaliwa: aliyekojoa kitandani hadi darasa gani, nani alimkataa, mtihani gani uliomtoa jasho. Anausoma utenzi huo yeye mwenyewe, kwa sauti, wapita njia wakisikia. Akiteleza neno, anakunywa. Mayai na unga vinaruka. Kila baada ya muda kundi linaimba wimbo unaoanza "Dottore, dottore", na mistari inayofuata sitaitafsiri, maana hata shangazi zangu husoma makala hii.

Maoni ya wageni wetu huwa yaleyale: watoto hawa hawana adabu, na wazazi wao ndio wanaowachekea. Nimeyasikia kwa mapadre, kwa masista, kwa wanafunzi waliofika juzi. Sikubaliani nayo hata kidogo. Huu ni utani, na sisi tunaujua. Nani kwetu hajaona watani msibani wakilia kilio cha uongo, wakimwiga marehemu alivyokuwa akitembea, wakizuia shughuli hadi wapewe chochote? Mchaga na Mpare wakikutana kwenye basi wanasemana maneno ambayo mtu baki akiyasema ni ugomvi. Hatusemi watani hawana adabu. Tunajua kuna ruhusa, na ruhusa ina mipaka.

Papiro nayo ina mipaka yake. Inaandikwa na marafiki wa karibu, na wanatumia majuma kuitunga, maana mashairi ya Kiitaliano yenye vina hayaandikwi usiku mmoja. Ndugu wanaombwa kimyakimya habari za utotoni na picha za zamani. Mtu asiyependwa haandikiwi kitu. Mpita njia anaruhusiwa kusimama, kucheka, na kusema "auguri", yaani hongera, ila harushi yai, kwa sababu yeye si mtani. Na kama wewe bado unasoma, usijaribu taji la mwenzako kichwani hata kwa picha. Wanafunzi wa Italia wanaamini ukilivaa kabla ya wakati, huhitimu. Watakunyang'anya, na hawatakuwa wanatania.

Jambo ninalolipinga mimi ni michoro. Mara nyingi inaelemea kwenye uchi na ngono, na mhitimu akiwa msichana kalamu huzidi ukali. Pombe nayo: kuna anayemaliza beti zake akiwa hajui yuko wapi. Hapo sina utetezi.

Sasa rudi kwa Antonio, kwa sababu hapa ndipo hadithi inapokutana. Katikati ya mji lipo jengo kubwa la zamani la mahakama, Palazzo della Ragione, ambalo chini yake kuna soko hadi leo. Ndani ya ukumbi wa juu kuna kiti cha jiwe jeusi kinachoitwa Pietra del Vituperio, yaani jiwe la fedheha. Mwezi Machi 1231, miezi michache kabla ya kifo chake, Antonio aliushawishi mji ubadilishe sheria ili mdaiwa aliyefilisika asitupwe gerezani. Badala yake mdaiwa huyo alivuliwa hadi nguo za ndani, akagongesha makalio kwenye jiwe hilo mara tatu mbele ya umati, akitamka kwa Kilatini kwamba anaachia mali zake. Kisha alitoka mjini akiwa huru. Waitaliano hadi leo husema mtu amebaki na chupi wakimaanisha amefilisika.

Fikiria maana yake kwa mtu maskini wa karne ya 13. Aibu ya dakika chache mbele ya watu, halafu uhai wako unabaki wako. Sidai kwamba papiro ilitokana na jiwe hilo. Lakini mji uliokubali kwamba mtu anaweza kuaibishwa hadharani na akatoka akiwa mzima, unanisaidia kuelewa kwa nini baba wa mhitimu anasimama pale na mkoba wa mwanawe mkononi, anacheka, wala haoni kwamba ukoo umevunjiwa heshima. Hujaji anayegusa kaburi kisha asilione jiwe hilo amemwona Antonio wa kutafuta funguo zilizopotea, yule waumini humwomba wakipoteza kitu. Yule wa kutetea wadaiwa amemkosa, ingawa alikuwa umbali wa dakika kumi tu kwa miguu.

Na ukishaliona jiwe, nenda kanisa dogo la Scrovegni lenye michoro ya Giotto ya mwanzoni mwa karne ya 14. Aliyelijenga, Enrico Scrovegni, alikuwa mtoto wa mkopeshaji wa riba ambaye mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake. Weka nafasi mapema, maana huingii kwa kubisha hodi: watu huingizwa kwa makundi na kukaa kwanza kwenye chumba cha kusawazisha hewa ili unyevu wa pumzi zao usiharibu rangi.

Mila nyingine za mji ni nyepesi, nazipitia haraka. Ukiingia dukani, salimia kwanza, "buongiorno", ndipo uulize bei. Mswahili yeyote analijua hilo, ila watalii wengi hawalijui. Sokoni Piazza delle Erbe usibonyeze nyanya kama uko Kariakoo. Mwambie muuzaji unataka za leo au za kesho, naye atakuchagulia. Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya kukaa, na kapuchino baada ya chakula cha mchana itakutambulisha kuwa mgeni hata kabla hujafungua mdomo. Kwenye basilika lenye kaburi la Antonio, funika mabega na magoti. Hapa mama mwenye kanga kwenye mkoba hahangaiki.

Darasani kuna kitu wanaita robo saa ya kitaaluma: kipindi kimeandikwa saa nne, mwalimu anaanza saa nne na robo, na hakuna anayelalamika. Wale waliotusema miaka yote kuhusu saa za Kiafrika wangepaswa kufika hapa.

Mkahawa wa Pedrocchi, uliofunguliwa 1831, una kumbi za rangi tatu. Ukumbi mweupe una tundu la risasi la tarehe 8 Februari 1848, wanafunzi walipowaasi Waustria waliokuwa wakiutawala mji. Ukumbi wa kijani ndio naupenda zaidi, kwa sababu desturi ya tangu zamani ni kwamba mtu aliweza kukaa humo akasoma gazeti bila kuagiza chochote. Mwanafunzi asiye na hela alikuwa na mahali pa kupashia mwili joto wakati wa baridi. Ukiagiza kahawa yao yenye povu la mnanaa na kakao, usiikoroge.

Uhusiano wa mji huu na kwetu haukuishia kwenye majina ya parokia. Shirika la madaktari la CUAMM lilizaliwa hapa mwaka 1950, na madaktari wake wamekuwa Tanzania tangu 1968. Watu wa Iringa wanawajua kwa kazi yao Tosamaganga. Nautaja uhusiano huu kwa sababu unagusa neno langu la mwisho, ambalo ni kwa wazazi wenye watoto wanaosoma huku.

Nimeona wahitimu wa Kiafrika wakivikwa taji, wakipongezwa, wakipigwa picha, basi. Hakuna bango. Wenzao wa Kiitaliano waliogopa kumtania Mwafrika hadharani wakaonekana wabaguzi, wakachagua heshima. Ni woga wenye nia njema, nauelewa, lakini umemwacha mhitimu akiwa mgeni siku ambayo alitakiwa kuwa mwenyeji. Kwa hiyo mtoto wako awaambie marafiki zake mapema kwamba papiro anaitaka, na aseme pia yapi hayaguswi: rangi, dini, marehemu wa familia. Wakikutafuta kwenye simu kuomba habari za utotoni, watolee, hata ile ya kuiba sukari. Na kama binti amesuka, wakubaliane kabisa kwamba mayai yaishie mabegani, maana yai likishakauka kwenye rasta utazifumua zote.