Mpilipili haung'olewi kila mwaka jamani

Mie kuna kitu kinanikera na leo nakisema. Mtu kapanda pilipili mbuzi kwenye ndoo ya rangi, kachuma wee mpaka kachoka, mti ukianza kupukutisha majani kidogo tu anaung'oa anautupa jaani, kisha huyoo anatafuta miche mipya. Kwani nani kasema pilipili ni kitu cha msimu mmoja? Mpilipili unaishi miaka, ukitunzwa shina linakuwa gumu la mti khasa. Kinachouua kule ulaya ni baridi tu.

Na hao wa kwenye baridi ndo wanaouthamini sasa. Ndugu zetu walioko Uingereza ikifika Oktoba, kabla barafu ya usiku haijaanza, wanachuma zote mpaka zile mbichi, wanakata matawi ubaki mti uchi na vipande viwili vitatu vya matawi, mizizi wanaiosha udongo wa zamani utoke maana wadudu wanajificha humo, wanaupanda tena kwenye udongo mpya na kuuingiza ndani, chumba chenye ubaridi wa nyuzi 10 mpaka 15 hivi, maji wanatia kidogo mno, wiki hata mbili tatu zinapita. Ukiuona utasema ushakufa huu. Mei wanautoa nje taratibu, kwanza kivulini, maana jua la ghafla linaunguza majani. Faida yake unazaa mapema, wakati pilipili mbuzi ya kuanzia mbegu kwa kiangazi chao kile kifupi inaanza kuiva na baridi hiyo inarudi.

Walioko Muscat shida yao ya kinyume, joto likipita nyuzi 40 maua yanaanguka yote, wao wanautafutia kivuli tu mpaka joto lipungue.

Sasa sie Unguja na Pemba tuna kisingizio gani? Hiki kipupwe watu wanachovalia masweta kwenye daladala mpilipili hauna hata habari nacho. Kwetu adui ni masika. Mvua za Machi mpaka Mei ndoo inajaa maji, mizizi inaoza, mtu anasema mti umezeeka kumbe umezama! Ukiniuliza mie, Februari mwishoni ukate, ubakishe kama nusu, uuweke chini ya upenu, ndoo itoboe matundu ya kutosha chini na uinyanyue juu ya matofali. Wa maghorofa ya Michenzani pale mjini wenye roshani kazi nusu ishaisha. Mvua zikipungua tia samadi iliyooza vizuri, mbichi itaunguza mizizi.

Najua mtanambia Ramadhani siku hizi inaangukia humo humo Februari Machi, nani atakata mpilipili watu wanataka bajia na urojo? Sawa, chuma kwanza zote, saga na chumvi na ndimu, tia chupani weka kwenye friji, halafu ndo ukate.

Ila sisemi ung'ang'anie kila mti. Majani yakijikunja, yana mabaka ya njano na mti umedumaa, mara nyingi hivo ni virusi, kukata hakusaidii kitu, ng'oa uchome moto. Na ule unaonyauka ghafla na majani bado ya kijani ndo kabisa, na udongo wake usiupandie tena nyanya wala bilingani maana ugonjwa unabaki humo. Wadudu mafuta wasikutishe, wale wanakaa chini ya jani, maji ya sabuni jioni, unarudia rudia wanaisha.

Jirani yangu hataki kusikia, yeye miche ni rahisi bwana, anunue kila mwaka. Haya, lakini mche mpya mpaka uzae ni miezi mitatu minne, na ikifika Juni wangu una pilipili wake bado una majani manne, nnajua atagonga mlango wa nani.