Jeti haichokonolewi kwa waya!

Jamani mafundi, acheni kuchokonoa jeti, kile kijipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli! Injini ya boti yangu, ya zamani, ilikaa bwawani Mtera miezi miwili na petroli ndani ya kabureta, kile kifaa chenye jeti kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ikikauka huacha utando kama gundi, jeti inaziba. Injini inawaka kwa choki tu, yaani ukibana hewa, ukiongeza mafuta inazima. Hapo ni kuloweka na kupuliza upepo wa kompresa, basi. Fundi akachomoa uzi wa waya wa breki ya baiskeli, akachokonoa! Tundu lile ndilo linalopima mafuta. Likitanuka kidogo tu, injini inakula petroli ovyo na plagi inalowa. Sasa nazunguka Dodoma mjini kutafuta jeti, kila duka lina za pikipiki. Nyavu ziko majini tangu juzi, samaki wanaoza.